Mume amefariki, mwimbaji amenyamaza, piano inaendelea: naomba maelezo ya wimbo wa Kijerumani

Mpiga Fidla wa Malindi

Assalaam alaykum ndugu zangu na walimu wangu,

Sisi ni kikundi kidogo hapa Mjini tunaojifunza muziki wa kusoma kwa noti pamoja na taarab, na karibuni mwenzetu mmoja, dada mwenye sauti nene na tulivu, ataimba mbele ya hadhira nyimbo nane za Robert Schumann zinazoitwa kwa pamoja Frauenliebe und -leben, yaani mapenzi na maisha ya mwanamke. Mashairi yake yalitungwa na Adelbert von Chamisso mwaka 1830, na Schumann akayatia sauti mwezi wa Julai 1840. Mimi nimepewa kazi ya kuandika maelezo ya Kiswahili kwa wasikilizaji wasiojua Kijerumani, na nyimbo saba za mwanzo hazikunipa taabu: mwanamke anamwona kijana, anamsifu, anashangaa kuwa ndiye aliyechaguliwa, anavaa pete, anapambwa na wenzake siku ya harusi, anampa mumewe habari ya mimba, kisha anamnyonyesha mtoto.

Wimbo wa nane ndio ulionikwamisha. Mume amekufa, na mimi nilitarajia kilio, lakini mjane hamlilii marehemu, bali anamkemea. Anamwambia kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amemtia uchungu, anamwita mgumu na asiye na huruma, kisha anasema dunia imekuwa tupu na kwamba yeye mwenyewe si hai tena. Sauti inakwenda kama ya mtu anayezungumza, haina pambo wala haipandi popote pa kumfanya msikilizaji atokwe na machozi. Halafu, jambo lililonishangaza zaidi, mwimbaji ananyamaza na piano inaendelea peke yake kwa muda mrefu, kwa muziki mtamu usiofanana hata kidogo na msiba. Katika taarab vyombo huingia baina ya ubeti na ubeti kisha humrudia mwimbaji. Hapa mwimbaji harudiwi. Je, hiyo ni huzuni ya namna gani, na nitaielezaje kwa watu watakaousikia wimbo huu mara moja tu?

Maalim wa Wete

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Anza na mahali wimbo ulipokaa, kwa sababu ukiutoa peke yake hautaeleweka. Wimbo wa saba, ule wa mama na mtoto kifuani, uko katika D meja, ngazi ya noti yenye sauti ya uchangamfu, na unakwenda mbio mbio kwa furaha. Unapomalizika, piano inapiga pigo moja zito la noti nyingi kwa pamoja katika D maina, ngazi yenye sauti ya huzuni, na hapo msiba umeshaingia. Angalia kwamba noti ya msingi ni ileile ya D, ila rangi imegeuka. Hakuna ugonjwa uliosimuliwa, hakuna daktari, hakuna jeneza wala mazishi, na hatuelezwi ni miaka mingapi imepita tangu mtoto yule anyonyeshwe. Msikilizaji anaipata habari kama wengi wetu tunavyoipata, mlango unagongwa na maneno yameshasemwa kabla hujakaa kitako.

Kuhusu kukemea, nadhani umesikia ukali na hukusikia sifa iliyo ndani yake. Mke anayesema kwamba huu ndio uchungu wa kwanza anashuhudia kuwa mumewe hakuwahi kumuumiza katika maisha yao yote, na ushahidi huo ni mkubwa kuliko sifa zote alizozitoa kwenye wimbo wa pili, alipokuwa msichana na kila alichokiona kwa kijana yule kilikuwa kizuri. Wala jambo hili si geni kwetu. Nani hajawahi kusikia msibani mwanamke akimuuliza maiti, «Umeniacha na nani?» Anayeuliza hivyo hamlaumu mtu kwa dhati ya moyo wake, bado anazungumza naye kwa sababu hajazoea kuzungumza juu yake. Katika wimbo wa kwanza, msichana anamtaja kijana kama mtu wa mbali, «yeye». Katika wimbo wa nane mume yuko mbali kuliko wakati wowote, na mke anamwita «wewe» mpaka neno la mwisho.

Kuhusu sauti kutopanda, Schumann alijua vizuri kutunga sauti za kupaa, na wimbo wa pili wa mfululizo huuhuu umejaa miruko. Hapa amemnyima mwimbaji utamu huo kwa makusudi. Noti ileile inarudiwarudiwa, piano inashikilia tu chini yake, na baina ya kauli na kauli kuna nafasi. Mtu aliyefikwa na msiba leo asubuhi haimbi. Mwambie dada yenu asijaribu kuupamba, kwani atakayeongeza machozi hapo atakuwa ameongeza asichoandikiwa.

Sasa piano. Muziki ule unaouona mtamu umeshausikia, nao ni wa wimbo wa kwanza, umerudi katika ufunguo wake wa B-flat meja, ubeti mmoja mzima bila maneno. Wimbo ule wa kwanza ndio uliosema kwamba tangu amwone kijana yule anajidhani amekuwa kipofu, kwani kila anakotazama anamwona yeye tu. Kabla piano haijaanza, mjane amesema kwamba anajivuta ndani ya nafsi yake kimya kimya, pazia linaanguka, na huko ndani ndiko aliko na mumewe na furaha yake iliyopotea. Piano basi ndiyo inayotuonyesha kilichomo nyuma ya pazia. Na ukiwa na noti mbele yako, tazama kitu kidogo kinachowapita wengi: katika wimbo wa kwanza piano inafuatana na sauti karibu kila mahali, lakini zipo sehemu ambapo sauti inakwenda juu peke yake. Ubeti unaporudi mwishoni, sehemu zile hazikujazwa. Piano inapiga yale yale iliyoyapiga mwanzo, na pale palipokuwa na sauti ya mwanamke pana uwazi, ambao msikilizaji aliyefuatilia tangu mwanzo anaujaza mwenyewe kwa kumbukumbu. Kwa hiyo si mume tu aliyekosekana. Maneno yake mke kwamba hayuko hai tena yametimizwa na muziki.

Bint Chake

Nimemfuata Maalim kwa makini, na ningependa kuongeza neno kwa upande wetu sisi wanawake, maana hadhira ya hapa itasikia habari ya pazia na kujitenga, na mara moja itafikiri juu ya eda.

Mimi nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi nimekuwa kizuka, sikujipamba, sikujitia manukato, sikutoka ila kwa dharura, na najua maana ya kukaa ndani na mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo kile kipande cha piano sikuhitaji kuelezwa sana. Lakini naomba katika maelezo usiandike kwamba mjane wa wimbo amekaa eda kwa namna ya Kijerumani, kwani mambo haya mawili yanatofautiana pakubwa. Eda ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza, na katika muda wote ule nyumba haiwi tupu: ndugu, majirani na mashoga wanaingia na kutoka, wengine wanaleta chakula, wengine wanakaa tu mkekani bila ya kusema kitu. Mwanamke wa wimbo huu hana tarehe ya kutoka, na hana mtu. Wewe mwenyewe umesema kwamba siku ya harusi alikuwa na wenzake wa kumpamba. Katika maneno ya wimbo wa tano anawaita dada zake wamsaidie na kumzunguka. Katika wimbo wa nane, dada hao wako wapi? Hata mtoto aliyekuwa kifuani katika wimbo uliotangulia hatajwi. Kwangu mimi hilo ndilo linalotisha zaidi kuliko neno lolote alilomwambia marehemu.

Msomaji wa Shangani

Bi Bint Chake amegusa mahali ninapotaka kuanzia, ila mimi nitakwenda mbali zaidi na naomba radhi mapema kwa wapenzi wa wimbo huu.

Maneno haya yametungwa na mwanamume, yametiwa sauti na mwanamume, na yanamwambia mwanamke kwamba alianza kuishi alipomwona mume na amekoma kuishi mume alipofumba macho. Muziki ni mzuri mno, sibishi, lakini tutazame wajane wawili wa kweli. Schumann alipokuwa akiziandika nyimbo hizi, yeye na mchumba wake Clara Wieck walikuwa bado wanaisubiri mahakama, kwa sababu baba wa msichana, Friedrich Wieck, aliipinga ndoa yao. Walioana tarehe 12 Septemba 1840. Robert alifariki mwaka 1856 katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, karibu na Bonn, akamwacha Clara na umri wa miaka 36 na watoto saba. Clara hakujifungia. Alipiga piano kumbi kwa kumbi katika nchi mbalimbali za Ulaya, akawalea watoto wake kwa mapato ya vidole vyake, akazihariri kazi za mumewe, na akaishi miaka 40 ya ujane mpaka 1896.

Wa pili ni wetu wenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, aliolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akamfuata Hamburg, na mwaka 1870 mume akafa baada ya ajali ya tramu. Alibaki ugenini na watoto watatu wadogo, mbali na bahari aliyoizoea na mbali na kila mwanamke ambaye angekaa naye mkekani. Naye alitoka: alifundisha Kiarabu, akaandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, na katika barua zake zilizokuja kuchapishwa baada ya yeye kufariki ameyasimulia maisha yake ya Ujerumani pamoja na msiba huo. Wajane hawa wawili waliishi katika nchi moja na wakati mmoja, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kuangusha pazia. Mwandishi wa maelezo anaweza kuusifu wimbo bila ya kuwafanya wasikilizaji waamini kwamba hivyo ndivyo mjane anavyopaswa kuwa.

Maalim wa Wete

Msomaji wa Shangani ana haki kwa sehemu kubwa, lakini lawama aigawe vizuri baina ya watu wawili, kama tunavyotofautisha katika taarab baina ya aliyetunga maneno na aliyetia sauti. Chamisso hakuishia hapo. Mashairi yake ni tisa, na katika la tisa mwanamke yule amekuwa bibi mzee, anazungumza na binti wa binti yake anayekaribia kuolewa, anamsimulia ya ujana wake na kumpa baraka. Mshairi basi alimtoa mjane nyuma ya pazia, akampa uzee, kizazi na kauli. Schumann ndiye aliyeliacha shairi la tisa, na mahali pake akaweka ule ubeti wa piano.

Je, alikosea? Mimi naona kwamba kama angelitia sauti shairi la tisa, tungepata hadithi iliyokamilika, na huzuni ingekuwa kituo kimoja tu cha njiani. Kwa kuliacha, ametufungia mahali ambapo mtu aliyefiwa anakaa hasa, kwani siku ya kwanza hakuna anayejua kwamba atakuja kuwa bibi wa kutoa nasaha. Clara na Sayyida Salme walitoka, kweli, lakini wimbo huu haukuandikwa juu ya miaka yao 40 au 50 ya baadaye. Unahusu saa chache. Ningekushauri, mwanangu, uliandike jambo la shairi la tisa katika maelezo yako, kwa sentensi mbili, ili msikilizaji ajue kwamba kilichoachwa kimeachwa kwa kuchaguliwa.

Mpiga Fidla wa Malindi

Ahsanteni sana nyote. Suala la shairi la tisa sikulijua kabisa, na hoja ya Bi Bint Chake kuhusu dada wasiorudi nitaiandika kama ilivyo, kwa idhini yake. Limebaki jambo moja la vitendo. Hadhira yetu imezoea kutunza na kupiga makofi mara mwimbaji anapofunga mdomo, na ninahofia kwamba kipande cha piano kitazikwa chini ya vigelegele. Nifanyeje bila ya kuwavunjia heshima wageni?

Maalim wa Wete

Wasomewe tafsiri ya nyimbo zote nane kabla ya kuanza, kisha waombwe kwa adabu kwamba kutunza kuwe mwisho kabisa. Muhimu zaidi ni dada mwenyewe: akimaliza neno lake la mwisho asiiname, asirudi nyuma, asimtazame mpiga piano, abaki amesimama palepale mpaka noti ya mwisho izime. Watu wa hapa wanamtazama mwimbaji kuliko wanavyotazama karatasi, na yeye akitulia watatulia. Na mpiga piano aambiwe asiongeze mwendo kwa kuona kwamba ni yeye peke yake aliyebaki. Ubeti ule unakwenda taratibu.

Bint Chake

Idhini umepata. Ila usinitaje kwa jina, andika «mama mmoja wa Pemba».