Manhattan imerudishwa kaunta, eti nimekosea wiski

kaunta_usiku
Wakuu habari za usiku, nipo huku Ohio, wiki ya pili nafanya kazi baa, jana mzee mmoja kaagiza kokteli ya Manhattan nikamwekea wiski ya bourbon maana ndo ilikuwa karibu na mkono, kaonja mara moja tu kairudisha, tamu mno, anataka rai. Bosi kaninunia mpaka tunafunga. Sasa hii rai ina nini jamani, si zote wiski tu?? Mi nikizinusa naona zile zile

mzee_wa_pipa
Hahaa pole mdogo wangu, ila mzee yuko sahihi. Rai ni nafaka, ndugu yake ngano, sheria ya Marekani inataka iwe angalau asilimia 51 ya nafaka zote zilizotumika, bourbon nayo 51 ya mahindi. Mahindi yanaleta utamu, rai inawasha kidogo kama pilipili manga. Sasa Manhattan ni wiski vipimo viwili, vamuthi nyekundu (mvinyo mtamu wenye viungo) kimoja na matone ya Angostura, ile dawa chungu ya viungo, vamuthi yenyewe ishakuwa na sukari, ukiiongezea bourbon inakuwa juisi. Chukua vikombe viwili vidogo, kimoja bourbon kingine rai, vijiko viwili viwili, kila kimoja tia kijiko cha vamuthi, onja.

dada_wa_neworleans
Huku kwetu New Orleans kokteli ya Sazerac ukiiwekea bourbon watu wanakuangalia tu 😂 Wenyeji wanasimulia zamani ilikuwa konyaki ya Ufaransa, pombe kali ya zabibu (sio Konyagi yetu jamani), wadudu wakala mizabibu kule karne ya 19, konyaki ikaadimika, rai ikaingia na haijatoka

mpitanjia
Angalia lebo lakini, Wakanada wiski yao wanaiita rai hata kama humo ndani mahindi ndo mengi. Na usimlaumu sana aliyekufundisha bourbon, pombe ilipopigwa marufuku 1920 mpaka 1933 viwanda vingi vya rai vya Pennsylvania na Maryland vilikufa, mabaa yakazoea bourbon. Kokteli ya Old Fashioned mi naweka bourbon na sibadiliki

mzee_wa_pipa
@mpitanjia hapo tutagombana

kaunta_usiku
Aisee nimejaribu vile vijiko, cha bourbon ulimi umelala, cha rai kama mtu kanifinya. Mzee karudi leo, kanywa kimya, kaagiza ya pili. Sasa nisaidieni ganda la limau, mnalikataje bila ule weupe wa ndani? La kwangu linatoka nene kama kaukau

dada_wa_neworleans
Kimenyeo cha viazi, achana na kisu