YULE BWANA WA MIKOPO AMENIVUA NGUO MBELE YA MPANGAJI WANGU!!

Watu wa Malindi, salamu leo sina. Mnamjua. Yule wa benki ile, miwani yamshinda pua, apitaye Barabara ya Lamu kama aliyeitia lami kwa mikono yake.

Jana kaja kwangu Maweni, simu hakupiga. Kamkuta mpangaji wangu mlangoni, mtoto begani. Nami nimesimama papo hapo, nimetoka Garsen kuja kuchukua barua zangu. Akamwambia mpangaji, masikio yangu yasikia: "Huyu si mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni sisi."

Huyu! Mimi! Nimehamishwa kikazi, nyumba niiachie popo? Marejesho ya mkopo wa nyumba yakatwa kwenye mshahara kila mwezi, sijaruka hata mmoja, na hiyo kodi ya mpangaji haitoshi, naongezea mfukoni. "Sisi" nani? Nikiimwagilia slabu maji alfajiri kabla ya kwenda kazini, huyo "sisi" alikuwa wapi?

Mpangaji akanigeukia: "Dada, kwani mimi namlipa nani?" Mtaa mzima uko ukutani watazama, mama wa mahamri ameacha mafuta yaungue. Huyu si mwenye nyumba! Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, chai haishuki.

kusi_kaskazi: Huyo huyo! Kwangu aliipima sebule kwa hatua, wakwe wanakula. Pole dada.

baraza_la_sheria: Mkataba wako na mpangaji ni wa muda gani? Sheria ya Ardhi ya 2012 hairuhusu upangishe nyumba iliyo rehani kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji, naye hafai kukunyima bila sababu ya maana. Isome na karatasi ya rehani yenyewe, huenda ina masharti makali zaidi.

mwenye uzi: Miezi 11! Tumeandikiana miezi 11! Na ingekuwa miaka 11, ndio aniite "huyu"?

mtoto_wa_barani: Dada, ile nafuu ya kodi ya mapato kwa riba ya mkopo, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, ni ya nyumba unayoishi mwenyewe. KRA, watoza kodi wa serikali, wajua uko Garsen? Na pango likipita 288,000 kwa mwaka kuna asilimia 7.5 yao. Wakija hao hutaitwa "huyu", utaitwa kwa jina kamili 😂

mwenye uzi: Mimi nalilia adabu, wewe waniletea hesabu! Mbele ya mpangaji!!

mama_mahamri: Mafuta hayakuungua jamani. Nilipunguza moto nisikie vizuri.

mpangaji_sugu: Wenye nyumba nanyi mwalia? Wangu wa Muyeye alitutoa sote Desemba apate kuweka Wataliano. Mvua za Aprili zilipoanza, nyumba tupu, atupigia simu turudi, eti "nyinyi ni familia".

kusi_kaskazi: Na deposti alirudisha?

mpangaji_sugu: Deposti gani? Alisema imeingia kwenye rangi. Rangi yenyewe sijaiona.

fundi_bomba: Afadhali nyinyi. Shella mfereji watoa upepo tangu juzi, na bili imeshakuja.

mpangaji_sugu: Shella ya Lamu?

fundi_bomba: Hii yetu. Mwenye namba ya bowza, lori la maji, anitumie, watu wataka kutawadha.