Kikundi cha familia: Mwani wa Osaka na mwani wa Jambiani

Shangazi Mize (Jambiani): Assalaamu alaikum, watu wangu. Leo maji yamekupwa mapema, nasi tumerudi kutoka mashambani baharini kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuitazama vizuri picha aliyoileta Salma jana usiku. Ndani ya lile bakuli la supu nimeona kitu kinachofanana sana na ninachokifunga kwenye kamba tangu ujana wangu. Salma mwanangu, hivi huko Japani mwani ni chakula cha watu, au wameutia kwa ajili ya pambo?

Salma (Osaka): Waalaikum salaam, shangazi, shikamoo. Ni chakula hasa, na huliwa kila siku. Ule wa kijani uliouona unaitwa wakame. Lakini mwani ulio muhimu zaidi katika supu ile hukuuona, kwa sababu ulikwisha kuopolewa kabla bakuli halijafika mezani. Huo ni kombu, mwani mpana wa rangi ya hudhurungi iliyokoza, unaoota katika bahari ya baridi ya Hokkaido, kaskazini ya nchi. Mpishi huloweka kipande kikavu katika maji, kisha huyapasha moto taratibu na kukitoa kipande hicho kabla maji hayajachemka, maana kikiachwa kichemke supu huwa na utelezi na harufu nzito. Baadaye hutia samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi siku nyingi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao, ambaye huparuzwa vipande vyembamba kama karatasi. Vikichujwa, maji yanayobaki ndiyo dashi, na karibu kila mchuzi wa hapa huanzia hapo.

Ami Haji (Mjini): Marahaba kwa niaba ya wote. Mimi ninachojiuliza ni ladha. Supu isiyo na mdalasini, pilipili manga wala ndimu itakuwa na ladha gani?

Salma (Osaka): Shikamoo, ami. Nami nilidhani hivyo wiki za mwanzo, nikawa naongeza chumvi bila sababu. Ladha yake haikimbilii puani kama viungo vyetu. Hukaa ulimini na kubaki hapo baada ya kumeza, kama ile unayoipata katika mchuzi wa papa mkavu ulioiva sawasawa. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliichunguza dashi ya kombu na kukuta kwamba kinachoileta ladha hiyo ni glutamati. Aliiita umami, akasema isihesabiwe pamoja na utamu, uchachu, uchungu wala chumvi, kwa sababu ni ladha inayojitegemea.

Bibi (kwa simu ya Zuwena): Zuwena ananisomea na mimi namwambia aandike. Sisi tuliokota pwani pweza, chaza na kombe, lakini mwani tuliuruka kwa miguu kama takataka zilizoletwa na kusi. Huyo wa kwanza aliyeutia chunguni alikuwa na njaa gani?

Salma (Osaka): Shikamoo, bibi. Jina la huyo wa kwanza halipo, lakini ni jambo la kale sana. Lililonishangaza mimi ni safari ya mwani wenyewe. Kombu hauoti karibu na Osaka, lakini Osaka ndiyo mji unaojivunia supu yake, kwa sababu zamani majahazi ya biashara yalikuwa yakiuchukua kutoka Hokkaido, yakipita upande wa magharibi wa nchi, na kuushusha katika maghala ya hapa. Sehemu nyingine iliendelea mpaka Okinawa, kusini kabisa, kwenye njia ya biashara ya China, na hadi leo watu wa Okinawa hupika kombu pamoja na vyakula vyao vya kila siku ingawa bahari yao haiutoi. Kila nikisikia habari hizo huyakumbuka majahazi yetu yaliyokuwa yakija na pepo za kaskazi, yakiwa na tende na papa.

Shangazi Mize (Jambiani): Basi na huu wetu je? Tangu mwaka 1989, kilimo kilipoanza huku Jambiani na Paje, tunaufunga, tunauvuna, tunauanika, na mnunuzi anaupeleka ng'ambo. Tunaambiwa unatiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Je, nikiuchemsha utanipa dashi?

Salma (Osaka): Hapana, shangazi, na sitaki kukudanganya. Wetu ni wa jamii nyingine na wa maji ya joto. Ukichemshwa hutoa ute unaoganda, na ute huo ndio unaotafutwa na viwanda. Lakini hapa pia kuna mwani unaopendwa kwa kuganda kwake. Huchemshwa, maji yake yakaachwa yagande, kisha yakasukumwa katika kisanduku chenye wavu yakatoka kama tambi zinazopenyesha mwanga. Tambi hizo huitwa tokoroten, na huliwa wakati wa joto. Watu wa Tokyo huzila kwa siki na sosi ya soya, na wa huku Osaka huzimiminia shira nzito ya sukari nyeusi inayokaribiana sana na sukari guru yetu. Hiyo, shangazi, ungeipenda siku ya kwanza.

Shangazi Mize (Jambiani): Na mbegu wanaipata wapi? Sisi tunakata tawi la mwani ulio hai na kulifunga kwa taitai, na ulipoharibika mwani mnene kwa maji kupata moto, ukapauka na kukatika kambani, tulizunguka vijiji vizima tukiulizana ni nani aliyebakiwa na mbegu. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema.

Salma (Osaka): Swali lako, shangazi, ndilo lililowasumbua wakulima wa nori, ule mwani mwembamba unaovingirishiwa wali. Kwa karne nyingi walichomeka matawi baharini wakasubiri mwani uje kujishika wenyewe, bila kujua unatoka wapi. Mwaka mmoja walivuna, mwaka mwingine hawakupata kitu. Baada ya vita hali ilikuwa mbaya sana. Mwaka 1949 mtafiti wa Manchester, Kathleen Drew-Baker, akaandika kwamba vijinyuzi vyekundu vinavyotoboa makombe ya chaza, ambavyo wataalamu walivihesabu kuwa mmea mwingine kabisa, ndivyo utoto wa mwani huu. Wajapani wakaanza kuilea mbegu ndani ya makombe na kuipandikiza kwenye nyavu. Mama huyo alifariki mwaka 1957 bila kufika Japani hata mara moja. Huko Uto, katika mkoa wa Kumamoto, wakulima walimjengea mnara unaotazama bahari, na kila tarehe 14 Aprili hukusanyika hapo kumshukuru.

Bibi (kwa simu ya Zuwena): Mungu amlipe kila aliyewatafutia watu riziki yao. Zuwena, isome tena hiyo ya makombe.

Ami Haji (Mjini): Salma, utakapokuja Agosti utuletee huo kombu. Ila tuambie mapema kilicho halali, maana mama yako ameshaanza kuuliza.

Salma (Osaka): Kombu wenyewe ni mwani mkavu mtupu, ami, hauna shaka. Ninaouangalia ni mchuzi wa mikahawani, kwa sababu mara nyingi hutiwa mirin, ambayo ina pombe. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza, na siku nyingi hupika mwenyewe.

Shangazi Mize (Jambiani): Mimi uniletee kipande kizima, kisichokatwa wala kupikwa. Nataka kukishika kwanza.

Salma (Osaka): Inshallah, shangazi. Utakuta juu yake vumbi jeupe kama chumvi. Tafadhali usilioshe, kwa kuwa nalo ni sehemu ya ladha. Pangusa mchanga tu kwa kitambaa kikavu.

Shangazi Mize (Jambiani): Sitaliosha. Agosti ukifika kwenye bamvua tutashuka sote pwani, na wewe uje na sufuria yako.