Tupeane uzoefu: silikoni kwenye gasketi za injini ya pikipiki

Spana Kumi
Wakuu, za jioni. Leo nimefungua kava la klachi la pikipiki ya cc 150 iliyokuwa inagonga juu. Kwenye chujio la oili nimekuta silikoni nyekundu tupu, ile gundi ya tyubu ya kuzibia injini isivuje: nyuzi ndefu, vipande, vingine vimeshikana na unga wa klachi mpaka wavu hauonekani. Kwa nje injini kavu kabisa, mwenye nayo anaisifia. Ukikaza kava, gundi inakamuliwa pande zote mbili. Ya nje unaifuta kwa kidole, ya ndani nani anaifuta? Inakauka pale, inakatika, pampu inaivuta. Hebu tupeane uzoefu: unapaka wapi, unapaka kiasi gani, na iliwahi kukufanyia nini? Mafundi, madereva, wenye vyombo, karibuni.

Mtoto wa Gerezani
Hili jambo linaua injini nyingi. Nakaa nasubiri mafundi waje.

Mama Boda Mbili
Mimi nimepewa bili ya tyubu mbili za silikoni kwa injini moja! Nikauliza zote zimeingia wapi, fundi ananijibu "mama, unataka ivuje?" Tyubu moja inatosha pikipiki ngapi jamani? Naomba kujua.

Fundi Mwanjelwa
Mama, tyubu moja ndogo ukipaka inavyotakiwa unafunga injini kadhaa na inabaki. Huyo alikuwa anapaka kama siagi kwenye mkate.

Kanuni yangu ni hii. Penye gasketi mpya, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma viwili, na uso safi, silikoni haina kazi. Kavu, au grisi kidogo sana ili siku nyingine ifunguke bila kuchanika. Gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini, usiisogelee kabisa, pale kuna moto na mgandamizo, silikoni haihimili. Kazi ya gundi ni pale kiwandani hawakuweka karatasi, kama krenkikesi (nyumba ya krenki) za aina nyingi, chuma kinakutana na chuma. Hapo uzi mwembamba wa milimita moja au mbili, unaupitisha upande wa ndani wa matundu ya bolti, usikatike popote. Karibu na tundu la oili unakaa mbali, na pale pana o-ringi yake, pete ya mpira, weka mpya.

Kijana wa Ilala
Mkuu hizo ni habari za injini mpya. Huku mtaani tunaletewa kava lililochokonolewa na bisibisi na mafundi watano kabla yako. Uso una mabonde. Weka hiyo karatasi yako kavu uone, kesho asubuhi mteja yuko mlangoni na injini inatoa jasho.

Fundi Mwanjelwa
Basi nyoosha uso kwanza! Chukua kioo bapa, juu yake msasa laini, mwagia mafuta ya taa, laza kava, lizungushe taratibu kwa mikono miwili bila kulikandamiza. Ukilinyanyua utaona: palipong'aa ndipo pa juu, palipobaki peusi ndiyo shimo. Endelea mpaka pang'ae pote. Na doweli, vile vipini vya kulengesha kava, uzitoe kabla, zisikwaruze kioo. Gasketi ya zamani usiing'oe kwa bisibisi, hiyo ni aluminiamu. Loweka, kwangua kwa wembe uliolala au kipande cha plastiki ngumu.

Kijana wa Ilala
Na mteja anasubiri nje anataka hesabu ya leo. Nani atakulipa huo muda wa kusugua kioo?

Fundi Mwanjelwa
Atalipa, kama ulimwambia mapema. Akikataa mpe funguo zake.

Nduthi Kakamega
Huku kwetu Kenya ni hivyo hivyo, mafundi wengi wanapaka tu ndio kazi iishe. Nawaongezea moja: msiweke silikoni ya kawaida kwenye kabureta au popote petroli inapogusa. Inavimba, inakuwa laini, inatoka vipande, halafu unaanza kutafuta kwa nini pikipiki inakosa mafuta.

Dereva wa Mufindi
Mimi si fundi, naendesha. Hizo nyuzi nyekundu nazijua.

Mwaka 2019 nilikuwa na pikipiki ya mkataba, napiga vijiji vya Mufindi. Msimu wa mvua kule njia ni utelezi mtupu na usiku baridi inakata vidole. Injini ilikuwa imefunguliwa wiki ile ile, ringi mpya. Fundi alipaka silikoni kila kiungo, mpaka pale oili inapopandia kwenda kwenye hedi. Nikaichukua inawaka kiki moja, haitoi moshi, haivuji.

Saa nane usiku nikagongewa mlango. Jirani, mkewe kashikwa na uchungu, bibi anayemwangalia kasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Tukampakia katikati, mama mkwe nyuma anamshika. Kilima cha kwanza nikapanda vizuri. Cha pili nikaanza kusikia juu kwenye hedi ti-ti-ti-ti. Nikasema ni tapeti, nikifika nitaziangalia. Katikati ya kilima nguvu ikakata, ikaja harufu ya chuma kilichoungua, tairi la nyuma likajifunga. Niliwahi klachi, la sivyo tungelala wote kwenye matope na tumbo la yule mama. Injini imenoki. Nakanyaga kiki, haishuki. Mvua, giza, misonobari pande zote, simu haina mtandao, na yule mama kainama kwenye siti anamwita mama yake.

Abiria ananiita, narudi.

Mtoto wa Gerezani
Weee! Usituache hapo mkuu!!

Mama Boda Mbili
Mama alifika? Mtoto je? Jamani nimesimama nimeacha chungu jikoni.

Kijana wa Ilala
Wakati tunamsubiri, swali kwa mafundi. Ukishapaka unakaza hapo hapo au unasubiri?

Spana Kumi
Mimi nakaza kwa vidole mpaka gundi ianze kutokeza, naiacha kama saa moja ipate ngozi, ndipo namalizia na spana, kwa mkingamo, bolti hii kisha ya upande wa pili.

Fundi Mwanjelwa
Hapana. Ikishaota ngozi halafu ukakaza, unaipasua, na kava linabaki limenyanyuka. Krenkikesi ikinyanyuka hata kidogo, nafasi ya beringi inabadilika. Kaza moja kwa moja ikiwa bado mbichi, hatua mbili tatu kwa mkingamo. Bolti za milimita sita hazitaki nguvu, Nm 10 hadi 12 za spana ya kipimo zinatosha. Watu wanazikata uzi halafu wanaziba na silikoni.

Spana Kumi
Tyubu ninayotumia imeandikwa kabisa nyuma subiri saa moja. Soma maandishi.

Fundi Mwanjelwa
Na yangu imeandikwa funga ndani ya dakika 10. Kila mtu afuate tyubu aliyoshika, lakini kwenye krenkikesi mimi sibadiliki.

Mama Boda Mbili
Nyie na tyubu zenu! Yule mama alifika au hakufika?

Dereva wa Mufindi
Samahanini, nimerudi.

Tulisukuma pikipiki pembeni. Mama mkwe akavua kitenge akamfunika mgonjwa. Mimi nikakimbia na tochi ya simu kuelekea barabara kubwa. Mungu si Athumani, likaja lori la mbao kutoka msituni. Dereva hakuuliza bei wala nini, alimshusha utingo wake akapanda juu ya mbao kwenye mvua, wanawake wakakaa mbele. Kituoni manesi walimpokea, mtoto alizaliwa alfajiri. Wa kike, wote wazima. Sasa hivi anasoma na ananiita babu.

Pikipiki tuliifungua kwa fundi mwingine. Kenshafti, shafti ya juu ya kufungua valvu, imekauka nyeusi, roka zinazosukumwa nayo zimeliwa, na kwenye njia ya oili kipande cha silikoni kimekaa kuziba. Yule wa kwanza alikataa, akasema nilitia oili mbovu. Matengenezo nikalipa mimi, na hesabu ya bosi haikusimama hata wiki moja.

Mama Boda Mbili
Alhamdulillah! Huyo utingo Mungu amlipe.

Nduthi Kakamega
Utingo apewe ng'ombe. Nasema kweli.

Mtoto wa Gerezani
Huyo fundi alitakiwa afikishwe polisi.

Kijana wa Ilala
Polisi kwa silikoni? Utathibitishaje?

Mtoto wa Gerezani
Kipande kipo, wanakiona.

Spana Kumi
Pole sana kaka, na hongera kwa ujasiri. Madereva, jambo moja mlishike. Injini ikitoka kufunguliwa, kabla hujailipia, mwambie fundi afungue vifuniko vya tapeti iwe inaunguruma taratibu, muone oili inafika kule juu. Lazima roka zilowe. Zikiwa kavu, izimwe hapo hapo. Na oili ya kwanza imwagwe mapema, chujio lichomolewe liangaliwe.

Fundi Mwanjelwa
Hapo tunakubaliana. Na kabla ya kupaka, nyuso zote mbili zifutwe na kitambaa safi chenye petroli mpaka kitambaa kisichukue weusi. Tone moja la oili likibaki, gundi haishiki hapo hata ukipaka kilo.

Kijana wa Ilala
Sawa mzee, hilo la kioo na msasa nitalijaribu Jumapili. Lakini kukausha mimi naianika juani, inawahi.

Fundi Mwanjelwa
Jua haliiwahishi unavyodhani. Silikoni hiyo inagandishwa na unyevu wa hewani. Iache kivulini mpaka kesho yake ndipo utie oili.

Mama Boda Mbili
Na ile tyubu iliyobaki nifanyeje isigande? Nimeichukua kwa fundi, nimeilipia mimi.

Spana Kumi
Minya hewa yote itoke, acha kidogo kitokeze mdomoni kigande chenyewe kama kizibo. Siku ya kutumia unakivuta kwa koleo, nyuma yake utakuta mbichi.