Naomba ushauri: Barolo (divai nyekundu ya Italia) ya 1996 niimimine kwenye jagi au niiache chupani?

Wadau, tutakuwa 12 mezani Jumamosi hapa Kilimani: Barolo ya 1996, kisha Brunello ya 1997, nayo divai nyekundu ya Italia. Chupa ya mililita 750 inampa kila mtu 60. Zile 30 za mwisho zibaki na mashapo. Chupa zinasimama wima tangu Alhamisi. Vizibo vya umri huu humeguka ukivitoboa, kwa hivyo nina kizibuo cha ndimi mbili, kisichotoboa.

Shida ni hewa. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, ina tanini (ukakasi) kali, lakini ikishazeeka, jagi laweza kuimalizia harufu kabla nyama haijafika. Nifungue masaa mawili mapema bila kumimina? Na mbuzi choma bila pilipili atafaa? (Kachumbari nimeshaipiga marufuku, siki itaharibu kila kitu.)