Naomba ushauri: klachi ya MX-5 ya 1991 bado inazama

Habari zenu wakuu. Gari ni Mazda MX-5 ya 1991, injini 1.6, gia tano za mkono. Asubuhi pedali ya klachi inashuka kama haina kitu na rivasi inakwaruza. Nikipampu mara nne au tano inapanda, gia zinaingia laini. Kwenye foleni nikiikanyaga kwa dakika nzima, gari linaanza kujisogeza lenyewe.

Silinda ya chini, ile ya ubavuni mwa giaboksi, nimeweka mpya. Ya zamani ilikuwa imelowa ndani ya mpira wa vumbi. Nimetoa upepo kwenye mfumo wa klachi mara tatu kwa mafuta mapya ya breki (DOT 3) hadi mapovu yakaisha. Mafuta kwenye kikopo chake hayapungui na zulia chini ya pedali ni kavu. Ila mafuta yameshakuwa meusi, wiki mbili tu! Nashuku mpira wa pistoni ya silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedali, unalika na kurudisha mafuta kwenye kikopo.

Naombeni mnisaidie: nitatofautishaje silinda ya juu inayopitisha ndani kwa ndani na hosi ya mpira iliyochoka inayovimba? Na ikiwa ni silinda, nibadilishe mipira tu au niweke nzima?