Kinyozi, nikisema "juu usiguse" umeelewa nini hasa?

Wakuu, nina hasira na sizifichi.

Wiki saba nimefuga nywele za mawimbi. Leo saa tano asubuhi kinyozi mmoja wa huku Mbagala kazifyeka, hata dakika mbili hazikufika. Nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: "Kaka, juu usiguse. Nichonge mbele na masikioni, safisha shingo, basi." Akajibu "poa". Nikainamisha kichwa asafishe shingo. Nikasikia mashine inapanda kisogoni, haisimami, inaelekea utosini. Kipande cha nywele kikaniangukia mapajani, kimejikunja, bado kinang'aa mafuta. Nikaruka kwenye kiti. Jibu lake: "Zilikuwa zimejaa sana mwanangu, nimekuweka safi."

Zimejaa kwa sababu nimezifuga! Ndiyo kazi yenyewe hiyo!

Kwa wasiojua mambo haya: nywele zetu za kipilipili zinajikunja zenyewe. Ukizipiga brashi kila siku kufuata zinakoelekea, kuanzia utosini kwenda mbele, pembeni na kisogoni, kisha ukazibana na duragi, kile kitambaa cha kufunga kichwani, zilale, yale makunjo yanajipanga mstari kwa mstari. Hayo ndiyo mawimbi. Sasa nywele zikiwa fupi mno hazina urefu wa kujikunja vizuri, wimbi linakuwa la juujuu tu. Kwa hiyo unafuga wiki 4, 6, wengine 8, juu hapaguswi, mpaka wimbi lipate kina. Kipindi hicho kichwa kinaonekana kimevimba. Mama kaniuliza mara mbili kama nimekosa hela ya kunyoa. Nikavumilia. Dakika 15 za brashi kabla ya kukimbilia daladala, 15 nyingine usiku, tena brashi ngumu, maana laini haifiki chini nywele zikishakua. Nikiosha, naosha duragi ikiwa kichwani, povu linatoka kupitia kitambaa, ili mistari isivurugike. Na joto hili la Dar, ulale na kitambaa kimekubana paji la uso, umeme umekatika, feni imesimama. Aliyepitia anajua.

Na si kwamba alipunguza tu, alipandisha mashine! Kichana cha namba 2 kinachovishwa mashine kinaacha kama milimita 6, lakini ukishusha mashine kufuata nywele zilivyolala, zinabaki ndefu zaidi kuliko ukipandisha. Ukienda kinyume zinasimama zote na kukatwa fupi. Mtu anayeshika mashine kutwa nzima hajui hilo? Kisogo changu sasa kina bonde la upana wa vidole vitatu. Ukipapasa kutoka utosini kushuka, unahisi wimbi, wimbi, wimbi, halafu kipara. Ili kichwa kilingane, inabidi ninyoe chote nianze upya.

Kinachoniuma zaidi, mlangoni kwake amebandika bango lenye picha ya jamaa mwenye mawimbi yamezunguka kichwa kizima, yaani yale yale niliyokuwa nayatafuta. Bango ndilo lililoniingiza. Mtindo umetoka kwa Weusi wa Marekani, sawa, pengine hakuna aliyewahi kumfundisha. Basi aseme! Aniambie "hii siijui, nitakuchonga mbele tu", nitamheshimu na nitarudi. Lakini kuitikia "poa" kisha kufanya unachotaka kwenye kichwa cha mtu, hapana. Si mara ya kwanza pia. Mwaka jana mwingine, saluni tofauti kabisa, alinirudisha nyuma kwa mtindo huohuo nikiwa wiki ya tano. Vinyozi wengi wanaona nywele zimeongezeka kidogo, mkono unawawasha.

Alidai 5,000 yake kamili. Nikatoa, kwa sababu vijana wanne walikuwa kwenye benchi wananitazama na sikutaka ugomvi, na mpaka sasa najuta kutoa ile hela. Harusi ya dada ni Jumamosi ijayo, nipo kwenye kamati, nitasimama mbele ya ukumbi mzima na kisogo hiki.

Kama kuna anayemjua kinyozi wa Mbagala au Temeke anayeshusha mashine badala ya kupandisha, na anayeuliza kabla ya kuiwasha, aniwekee hapa mtaa alipo kabla ya Ijumaa. Nauli na hela ninazo.